AJALI INA KINGA: Kani, Mwendo na Mkondo wa Stima Katika Maisha Yetu

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, na maneno hayo husikika kila penye msiba wa barabarani au wa nyumba iliyoteketea kwa moto wa stima. Mzee husimama mbele ya waombolezaji akaitamka methali hiyo, na wote wakatikisa vichwa. Ni methali ya kuliwaza, na kuliwaza ni jambo jema. Lakini methali ya kumliwaza aliyefiwa isigeuzwe kuwa udhuru wa dereva wala wa fundi. Ajali nyingi zinazotuua hazizuki kama mizimu. Zina kanuni zake, na kanuni hizo zimejulikana kwa muda mrefu, tena hufundishwa watoto wetu katika sura za mwanzo za kitabu cha fizikia.

Ajabu ni kwamba kijana aliyeziandika kanuni hizo vizuri na akapewa alama zake, hutoka katika chumba cha mtihani akapanda matatu asifunge mkanda. Akifika nyumbani huchomeka kalamu katika tundu la soketi ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Elimu imebaki shuleni, yeye amerudi nyumbani mikono mitupu. Sababu moja ni kwamba aliikariri kwa lugha ya mtihani, wala hakupata kuisikia ikisemwa kwa lugha anayoitumia kununua nyanya na kubishana na makanga.

Basi leo, msomaji mpenzi, na tujaribu kuisema kwa Kiswahili, tuone kama haitatufaa.

UKAIDI WA VITU

Nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, wataalamu wa sayansi wameiita kani. Hilo si neno lililoundwa juzi. Kwa Waswahili wa tangu hapo, mtu wa kani ni yule mwenye nguvu ya kushikilia lake, mkaidi asiyekubali kushindwa upesi. Neno hilo lafaa sana, maana elimu yote ya mwendo imeanzia katika ukaidi. Si ukaidi wa watu bali wa vitu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu hakiendi bila ya kusukumwa, na msukumo ukikoma nacho hukoma. Ukimtazama hamali wa Marikiti utadhani Aristotle alisema kweli tupu: hamali akiacha kuusukuma mkokoteni, mkokoteni husimama. Watu waliyaamini maneno hayo kwa karne nyingi. Galileo wa Italia, aliyefariki mwaka 1642, ndiye aliyetambua kwamba mkokoteni haukomi kwa sababu umeachwa; hukoma kwa sababu kuna kitu kinachouzuia. Magurudumu husuguana na ekseli na barabara, nao msuguano huo ni kani inayovuta kinyume. Lau msuguano usingalikuwako, mkokoteni ungeendelea na safari yake bila kikomo, hamali amebaki nyuma akishangaa.

Isaac Newton wa Uingereza aliliweka jambo hilo kuwa kanuni ya kwanza ya mwendo katika kitabu chake cha Kilatini kilichochapishwa mwaka 1687. Kwa maneno yetu ni hivi: kitu kilichotulia hutaka kutulia, na kitu kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda kwa kasi ile ile na kwa njia iliyonyooka, mpaka kani itoke nje ikigeuze nia.

Kila abiria wa matatu anaijua kanuni hii kwa mwili wake, hata kama hajui jina la Newton. Dereva akiondoa gari kwa ghafla, unaangukia nyuma. Wengi husema gari limewasukuma nyuma, lakini sivyo. Gari limeondoka na wewe ulikuwa bado umetulia. Dereva akikanyaga breki, unarushwa mbele. Hapo tena hakuna aliyekurusha. Gari limezuiwa na breki zake, lakini wewe hukuzuiwa na yeyote, kwa hiyo unaendelea na safari kwa kasi ile ile mpaka ukutane na kiti cha mbele, au kioo, au lami. Gari likikata kona, wewe unaendelea kunyooka. Ndiyo maana makanga anayening'inia mlangoni huku kidole kimoja tu kikishika chuma, kila kwenye kona anabishana na Newton. Na katika ubishi huo, Newton hajashindwa hata mara moja.

HESABU YA KASI

Kanuni ya pili ya Newton yahusu kiasi. Kani inayohitajika kubadili mwendo wa kitu hutegemea mambo mawili: wingi wa kitu chenyewe, ambao kamusi za sayansi huuita tungamo, na jinsi unavyotaka mwendo ubadilike upesi. Hamali anayajua yote mawili. Mkokoteni uliojaa viazi ni mgumu kuuondoa, tena ni mgumu kuusimamisha. Kwa hiyo hamali mwenye busara huanza kuuzuia mapema kabla hajafika kwenye mteremko.

Dereva naye hana budi kuyajua haya, na zaidi. Watu wengi hudhani kwamba gari likiongeza kasi maradufu, hatari nayo huongezeka maradufu. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Nguvu iliyomo katika mwendo huongezeka kwa kasi ikizidishwa kwa kasi yenyewe. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kuangamiza huwa mara nne. Ikiwa mara tatu, huwa mara tisa.

Tuchukue mfano ulio wazi. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa likigonga ukuta, ni kama limeangushwa kutoka mita 6 hivi juu, yaani mfano wa paa la nyumba ya ghorofa moja. Gari lile lile likigonga ukuta kwa kilomita 80 kwa saa, ni kama limeangushwa kutoka mita 25, nako ni juu ya nyumba ya orofa nane. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekubali kukaa kitini huku kiti kikitupwa kutoka orofa ya nane. Lakini kila siku tunaketi katika viti vinavyokwenda kwa kasi hiyo, na mkanda umening'inia ubavuni hauna kazi.

Na je, kusimama? Dereva aliyeona ng'ombe mbele yake huhitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 80, sekunde hiyo moja imekwisha kula mita 22. Kisha breki zenyewe, hata zikiwa nzima na barabara ikiwa kavu, zitahitaji mita nyingine 35 au zaidi. Jumla ni karibu mita 60. Kwa kilomita 40, gari hilo hilo husimama katika mita 20 hivi. Kwa hiyo anayeongeza kasi maradufu anahitaji nafasi mara tatu ya kusimama, na mvua ikinyesha atahitaji zaidi ya hapo. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na hesabu hizi, lakini jawabu walilipata.

Mwezi wa Februari mwaka 2004 Kenya ilianza kutekeleza amri zilizokuja kuitwa Sheria za Michuki, kwa jina la John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Matatu zililazimishwa kuwa na mikanda katika kila kiti, na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Wako walioziona kuwa ni mateso ya serikali kwa wenye magari. Lakini ukizitazama kwa jicho la fizikia, utaona kwamba amri hizo mbili ni kanuni mbili za Newton zilizovaa nguo za serikali. Kifaa cha mwendo kinaishika kasi isijizidishe yenyewe kwa yenyewe. Mkanda nao ni kani ya kukuzuia wewe pamoja na gari, ili usiachwe uendelee na safari peke yako.

Tena mkanda una siri nyingine. Liangushe yai sakafuni, litapasuka. Liangushe juu ya godoro kutoka kimo kile kile, litapona. Kasi ni moja, ila godoro hulisimamisha yai polepole, na sakafu hulisimamisha kwa ghafla. Kusimama polepole ni kani ndogo. Kusimama ghafla ni kani kubwa. Mkanda ni godoro lako. Kofia ngumu ya abiria wa bodaboda ni godoro la fuvu lake. Anayeibeba kofia hiyo kwenye usukani wa pikipiki amelitandika godoro mahali ambapo yai halitaangukia.

Na mama anayempakata mtoto katika kiti cha mbele asijidanganye kwamba mikono yake inatosha. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama kwa kishindo kutoka kilomita 40 tu kwa saa, huvuta mikono ya mama yake kwa nguvu inayozidi uzito wa gunia zima la mahindi la kilo 90. Hakuna mama awezaye kulidaka gunia la mahindi lililotupwa kwake bila taarifa. Si kwamba hampendi mwanawe. Mapenzi hayamo katika hesabu hiyo.

MTEREMKO NA GIA

Katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret kuna mteremko mrefu wa Salgaa, ambao umepata sifa mbaya kwa malori yaliyoshindwa kusimama. Baadhi ya madereva walikuwa na desturi ya kuitoa gari katika gia na kuiacha iteremke yenyewe, ili kuokoa mafuta. Breki zina kazi moja tu: kuugeuza mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano. Lori lililosheheni likiteremka kwa kilomita kadhaa bila gia, kazi yote ya kulizuia huachiwa breki, nazo hupata moto mpaka zikapoteza uwezo wa kushika. Dereva hukanyaga, na chini ya mguu hakuna jibu. Lori lililo katika gia ndogo huzuiwa na injini yenyewe, na breki hupata kupumua. Mafuta yanayookolewa kwa kuteremka bila gia ni ya vikombe vichache, na gharama yake wameilipa hata watu waliokuwa wakipanda mteremko huo kwa upande wao wa barabara, bila ya kosa lolote.

ANAYESUKUMA HUSUKUMWA

Kanuni ya tatu ya Newton ni ya ajabu zaidi, nayo wavuvi wetu wameitumia tangu kabla Newton hajazaliwa. Mvuvi aliye katika maji machache hushika upondo akausukuma chini kwenye mchanga. Mtumbwi huenda mbele. Lakini yeye hakuusukuma mtumbwi, ameisukuma ardhi! Ndivyo ilivyo: anayesukuma husukumwa. Ukiisukuma ardhi nyuma, ardhi nayo hukusukuma mbele kwa nguvu ile ile. Mpiga kasia huyasukuma maji, mpita njia huisukuma njia, na tairi la gari huisukuma lami.

Hapo ndipo ilipo hatari ya tairi lililokwisha meno likawa kipara. Lami ikilowa, tairi hilo halipati mahali pa kushika. Haliwezi kuisukuma barabara, na barabara haiwezi kulisukuma. Dereva anageuza usukani, lakini gari linaendelea kunyooka kama kanuni ya kwanza inavyoliamuru. Wanaotazama husema gari limepagawa. Halikupagawa. Limekosa msuguano.

Manahodha wa Lamu na Mombasa walikuwa mabingwa wa kuzipanga kani. Jahazi likiwa na upepo wa nyuma, kazi ni nyepesi. Lakini upepo ukitoka kule kule linakotaka kwenda, jahazi halina budi kubisha, yaani kwenda kwa mshazari, upande huu kisha upande ule. Ni neno lile lile la kubisha katika mazungumzo. Na hubishaje? Upepo hulisukuma tanga kwa ubavu. Mkuku ulioko chini ya jahazi hukataa kwenda ubavu katika maji. Zinapokutana kani hizo mbili, inayobaki ni ya kwenda mbele. Bonyeza mbegu ya tikiti baina ya vidole viwili, utaiona ikichopoka mbele ingawa hukuisukuma mbele. Jahazi nalo hubanwa vivyo hivyo baina ya upepo na maji.

Na katika mashindano ya Lamu, mashua ikilala sana, mabaharia huenda kukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande unakotoka upepo, ili uzito wao uirudishe mashua. Wanajua kwamba uzito mdogo ulio mbali hushindana na nguvu kubwa iliyo karibu. Lakini mjini, watu hao hao wa pwani na ndugu zao wa bara huona matatu imerundikiwa magunia, vitanda na meza juu ya keria, wakaingia ndani bila kuuliza. Uzito uliopandishwa juu hulifanya gari liwe tayari kulala kila penye kona, wala juu ya matatu hakuna baharia wa kukaa ubaoni.

KUTOKA MTONI HADI KWENYE TAA

Msomaji atauliza, stima nayo inaingiaje katika hadithi ya mikokoteni na majahazi? Inaingia kwa njia ya Mto Tana. Stima inayowasha taa zetu ni mwendo uliogeuzwa sura. Maji ya Tana yamezuiwa kwa mabwawa yaliyopangwa moja chini ya jingine: Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Maji yanaporomoka kwa uzito wake, yanasukuma mapanga ya mtambo, mapanga yanazungusha sumaku karibu na misokoto ya waya wa shaba, na papo hapo stima inazaliwa ndani ya waya. Aliyeigundua siri hiyo ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alipokuwa London mwaka 1831. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, kazi ya kusukuma mapanga hufanywa na mvuke utokao ardhini; lakini baada ya hapo kanuni ni ile ile.

Lugha yetu imeupokea ugeni huu kwa ukarimu. Neno umeme lilikuwa jina la mmweko wa mbinguni wakati wa mvua, na sasa limeingia katika waya. Neno stima lilikuwa jina la meli za mvuke zilizofika bandarini, likahamia kwenye taa. Na ile stima inayopita katika waya tumeipa jina la mkondo, neno ambalo nahodha na mvuvi wamelitumia tangu zamani kwa maji yanayokwenda njia moja baharini au mtoni. Maji hufuata mkondo, husema methali. Mwenye kuifahamu methali hiyo amekwisha kulifahamu nusu ya somo la stima.

MAJI NDANI YA WAYA

Tufikirie tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara. Kadiri tangi lilivyo juu, ndivyo maji yanavyotoka bombani kwa nguvu. Kimo hicho cha tangi ni mfano wa volti, zilizopewa jina la Alessandro Volta wa Italia aliyetangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Maji yenyewe yanayopita katika bomba ni mfano wa mkondo, unaopimwa kwa ampea. Na wembamba wa bomba, unaoyafanya maji yapite kwa shida, ni mfano wa ukinzani, unaopimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm. Yeye ndiye aliyeonyesha mwaka 1827 kwamba ukizigawa volti kwa ukinzani utaujua mkondo.

Lakini mkondo wa stima una sharti moja ambalo maji hayana. Maji yakimwagika yamekwenda; stima sharti irudi ilikotoka. Njia hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo inayoitwa saketi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wazee wakimaanisha vijinga vya moto. Na waya nazo ni vivyo hivyo, ncha na ncha zisipokutana taa haiwaki. Swichi ukutani haina uchawi wowote ila kuzikutanisha ncha hizo na kuzitenganisha.

Kwa sababu hiyo kunguru wa Mombasa hutua juu ya waya wa stima akapiga kelele asubuhi nzima bila kudhurika. Miguu yake yote miwili iko juu ya waya mmoja, kimo kimoja, na mkondo hauna sababu ya kumpitia. Lakini mtu aliyesimama ardhini akaugusa waya huo, mwili wake umekuwa bomba la kuteremkia. Saketi imekamilika, na yeye ndiye saketi.

Sasa angalia hesabu. Stima ya nyumbani Kenya ni ya volti 240. Globu ya zamani ya wati 60, ikiwaka, ina ukinzani wa karibu omu 960, na mkondo unaopita ni robo ya ampea. Mwili wa mtu mwenye ngozi kavu huwa na ukinzani mkubwa, hata makumi ya maelfu ya omu. Lakini ngozi ikilowa, ukinzani wake waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Maana yake ni kwamba mtu aliyelowa akiugusa waya, mkondo utakaompitia ni karibu sawa na ule unaowasha globu hiyo. Na moyo wa binadamu huvurugika kwa mkondo wa sehemu moja tu ya kumi ya ampea. Kinachotosha kumulika chumba kidogo chatosha kuzima uhai mara mbili. Basi yule anayechomoa pasi kwa mkono uliotoka katika beseni la kufulia, au anayeugusa waya ulioanguka baada ya mvua, asidhani kwamba volti za nyumbani ni ndogo. Aliyenaswa na stima naye usimshike kwa mkono, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, maana utaungana naye katika saketi. Zima swichi kubwa kwanza. Ikiwa haifikiki, na ni stima ya nyumbani, simama mahali pakavu ukamsukume kwa mti mkavu. Waya mkubwa wa nje ulioanguka haukaribiwi kabisa.

FYUZI NA MGUU WA TATU

Nyumbani taa na vyombo vimeungwa sambamba, yaani kila kimoja kina kijia chake cha kwenda na kurudi. Ndiyo maana taa ya jikoni ikiungua, ya sebuleni haizimiki. Lakini mikondo ya vijia hivyo vyote hukutana na kujumlishwa katika waya mmoja, kama vijito vinavyoingia mtoni. Chukua waya mmoja wa kurefushia stima, wenye plagi ya ampea 13. Ukichomeka birika la wati 2,000, linavuta ampea zaidi ya 8. Ukiongeza pasi ya wati 1,200, inavuta ampea 5. Mpaka umekwisha kupita, na bado hujawasha televisheni.

Na hapa inarudi hesabu ile ile tuliyoiona barabarani. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ndani ya waya haliwi mara mbili bali mara nne. Waya mwembamba uliopitishwa chini ya zulia, au uliovutwa kutoka nyumba ya jirani juu ya mabati, hupata moto polepole bila ya kusema neno, mpaka mpira wake ukayeyuka. Katika mitaa ya vibanda vilivyosongamana, moto wa waya mmoja huwa moto wa jamaa mia.

Fyuzi iliwekwa kwa ajili hiyo. Ni kijiwaya chembamba kilichopewa kazi ya kufa kwanza. Mkondo ukizidi, huyeyuka, saketi hukatika, na nyumba hupona. Fundi anayeitoa fyuzi iliyoungua akaweka msumari au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hakuitengeneza stima. Amemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele mwizi alipokuja.

Mguu wa tatu wa plagi, ule mrefu, nao una kazi yake. Ndani ya pasi, waya wenye stima ukichubuka ukagusa bati, mguu huo huupa mkondo njia nyepesi ya kushukia ardhini, na fyuzi hukatika kabla mkono wa mpigaji pasi haujawa njia. Tena ndani ya soketi mguu huo hufungua vijilango vilivyowekwa ili kidole cha mtoto kisipenye. Anayechomeka kalamu au kijiti katika tundu hilo ameyafanya matatu kwa mpigo: amevifungua vijilango, ameinyima plagi kushika sawasawa hata ikatoa cheche, na amemfundisha mtoto anayemtazama kwamba soketi ni mahali pa kuchomeka vijiti. Adapta dukani si ghali kuliko mtoto.

MANENO TUNAYO

Wengine watasema kwamba mambo haya hayawezi kuelezwa kwa Kiswahili mpaka tupate maneno. Maneno tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na watoto wa shule za msingi za serikali nchini Tanzania wamesoma sayansi kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Nasi tumeona hapa kwamba kani, msuguano, mkondo na ukinzani si maneno ya kutisha. Mengine yametoka baharini, mengine jikoni, mengine katika ugomvi wa watu. Kinachopungua ni kuyatoa katika kamusi tukayapeleka stendi ya matatu, kwenye baraza ya chifu, katika karakana ya jua kali na kwenye jiko la mama.

Hatusemi kwamba anayejua kanuni za Newton hatakufa. Tunasema kwamba kanuni hizo hazina upendeleo wala hazipokei hongo. Askari wa barabarani aweza kuangalia pembeni, na mkaguzi aweza kutia sahihi bila kutazama; lakini kasi hujizidisha yenyewe kwa yenyewe iwe gari ni la tajiri au la maskini, na mkondo hufuata njia nyepesi uwe mkono ni wa fundi au wa mtoto. Nahodha aliyetaka kufika hakushindana na upepo kwa maneno. Aliujua, akalipanga tanga lake, akabisha kwa hesabu. Mkanda, kofia, fyuzi na mguu wa tatu wa plagi ndiyo matanga yetu ya siku hizi, nayo yamekwisha kushonwa. Yanangoja kupandishwa tu.